Nilivyomtafsiria Mama Zaina Opera

Wenzangu, leo nimeaibika. Tena nimeaibika kwa Kifaransa, mbele ya watu waliovaa tai.

Nawaandikia wote kwa pamoja, we Swedi uliyeko Kigoma, we Fideli wa Uvira, na we Jumaine unayejidai umeshazoea baridi ya Nairobi, kwa sababu najua habari itawafikia tu. Mtaa wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, hauna siri. Afadhali mnisikie mimi kabla hamjawasikia wale watakaoongeza chumvi. (Wala haihitaji chumvi, mtaona wenyewe.) Niko hapa siberi, kwenye kompyuta za kukodi, shati lina doa la chai tumboni, na mwenye siberi ananitazama huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Mnajua nilipeleka posa kwa akina Zaina. Wajomba zangu walikwenda, wakakaribishwa vizuri, wakala wali na samaki wa mukeke, wakaambiwa, "Tutawajibu." Tangu hapo, kimya. Kila nikipita mbele ya nyumba yao nakohoa. Hakuna hata anayeniuliza kama nina mafua.

Zaina mwenyewe ndiye aliyenieleza tatizo liko wapi. Baba yake amekubali zamani. Baba Zaina ni mtu wa kukubali. Tatizo ni mama. Mama Zaina anauza vitenge, shule hakwenda, lakini amemsomesha binti yake mpaka amekuwa nesi, na ameapa kwamba binti huyo hataolewa na mtu asiyejua Kifaransa. Na kuna mwingine ameposa. Karani wa benki. Yule hata kupiga chafya anapiga kwa Kifaransa.

"Mama anasema we ni fundi redio," Zaina aliniambia. "Anasema fundi redio anashinda na Kifaransa masikioni kutwa nzima, na hakiingii."

Iliniuma. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Shule niliiacha vita vilipoanza, hilo mnalijua, na Kifaransa kilichobaki kichwani ni cha kazi: antene, pile, fizibo, basi. Ukinitoa ndani ya redio nimekwisha. Lakini mbele ya Mama Zaina nilikuwa najibu kila kitu kwa "oui, maman" na "bien sûr, maman," yaani ndiyo na bila shaka, na kwa vile sauti yangu ni nzito, mambo yalikuwa yanapita.

Sasa wiki hii msimamizi wa ukumbi mmoja wa mjini aliniletea redio yake ya kaseti, imekufa kabisa. Nikaifufua. Akafurahi, akanipa kadi ya mwaliko wa watu wawili, ngumu kama mbao, maandishi ya dhahabu. Kundi la waimbaji limekuja kutoka Ufaransa kuimba opera.

"Opera ni nini?" nilimuuliza.

"Ni watu wanaoambiana mambo ya nyumbani kwa kupiga kelele."

"Hiyo tunayo Buyenzi."

"Hawa wamesomea," akasema.

Kadi ilisema ni "soirée," yaani jioni ya watu wa heshima. Soirée yenyewe inaanza saa tisa alasiri. Nyinyi mlioko nje mmeshasahau maisha yetu: kuna couvre-feu, giza likiingia kila mtu awe kwake. Kwa hiyo jioni zote za mji huu zinafanyika juani. Ukumbini walifunga mapazia mazito ili ionekane usiku, na watu walikuwa wanaingia wakifuta jasho na kuambiana "bonsoir," habari za jioni.

Mimi nilijiona tayari nimekaa gizani na Zaina, nampepea kwa kadi ya dhahabu. Nikaenda kwao kuomba ruhusa. Mama Zaina aliipokea kadi, akaigeuza mbele na nyuma, akainusa.

"Zaina iko na zamu hospitali," akasema. "Na hata bila zamu, binti yangu akae gizani na mwanaume ambaye hajamuoa? Apana. Mi njo nitaenda. We utanitafsiria."

Nilijibu kwa sauti yangu nzito, "Oui, maman."

Zaina alinisindikiza mpaka mlangoni, akaninong'oneza, "Rajabu, tafadhali. Usichokielewa, sema hujakielewa." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Mwanaume akisema hivyo, nyinyi anzeni kuwa nao.)

Basi leo mchana nikamfuata Mama Zaina. Alitoka amevaa kitenge kipya na kilemba kimesimama kama antene ya paa, na mkoba mzito mkononi. Ukumbi si mbali na kwetu, tukaenda kwa miguu. Ilikuwa kosa. Kila duka tulilolipita alisimama, akasalimia, kisha akasema, "Huyu kijana ananipeleka kusikiliza opera. Anajua Kifaransa vizuri sana." Mpaka tunatoka Buyenzi, mtaa mzima ulikuwa unajua niko wapi na nafanya nini. Fundi baiskeli mmoja akaniita "Monsieur."

Mlangoni kulikuwa na askari wa kukagua. Alifungua mkoba wa Mama Zaina akatoa chupa ya chai, vikombe, na sambusa zimefungwa kwenye gazeti.

"Mama, unaingia opera na chai?"

"Na we unaingia na bunduki," Mama Zaina akamjibu.

Askari akafikiri kidogo, akarudisha kila kitu mkobani. Alikuwa amebana bunduki kwapani na sambusa moja mdomoni.

Viti vya ukumbini ni vile vinavyojikunja vyenyewe ukisimama. Mama Zaina alikalia kiti chake kikiwa bado kimekunjwa, akawa juu kuliko watu wote kama mtu aliye mimbarini, na akakataa kushuka mpaka nilipomwonyesha changu. Alipokaa sawasawa, bado kilemba kilikuwa juu. Nyuma yetu alikaa bwana mmoja wa suti ya kijivu, miwani mizito, na mkewe. Bwana huyo aliinama kushoto, akainama kulia, kisha akasogeza mdomo karibu na kutuambia kitu kirefu kwa Kifaransa. Nilisikia "madame." Nilisikia "tête," na hiyo naijua, ni kichwa, hata redio ya kaseti ina kichwa.

"Anasema nini?" Mama Zaina akaniuliza.

"Anakisifu kilemba."

Mama Zaina akageuka mwili mzima. "Aksante sana, baba. Ni cha Kongo." Yule bwana akarekebisha miwani. Akahamisha mkewe kiti kimoja pembeni, akamfuata. Mimi nikajisemea, Rajabu, kumbe kazi hii ni rahisi.

Taa zikapunguzwa. Yule msimamizi, mteja wangu, akapanda jukwaani na kipaza sauti, akaanza kuongea. Aliongea Kifaransa cha watu wa tai, kile ambacho maneno hayaachani mikono. Nikashika "merci." Nikashika "mesdames." Halafu akanyanyua kidole na kusema jambo kwa makini, na mwishoni mwa jambo hilo nikasikia "feu," na baada ya hapo "pas de panique." Watu wakacheka kidogo. Nikacheka nami, kwa sauti nzito.

"Anasema nini?"

Nilifikiri haraka. Katika mji huu neno "feu" lina ndugu mmoja tu tunayemjua wote. "Anaongelea couvre-feu. Anasema watamaliza mapema, tusiwe na hofu."

"Sasa wamecheka juu ya nini?"

"Wamefurahi kwamba watafika nyumbani."

Mama Zaina akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. "Hao watu wana akili."

Opera ikaanza. Tulitegemea ngoma na matarumbeta, kumbe vyombo vingi havikufika, palikuwa na piano moja na mzee mmoja mweupe wa kuipiga, basi. Akatoka mwanamke wa gauni jeupe. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini alipofungua mdomo, wallahi, spika zangu zote dukani hazina nguvu ile. Aliimba ameshika kifua, machozi yanamtoka.

"Iko analia juu ya nini?"

"Amefiwa."

"Amefiwa na nani?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Zaina alinipa neno hilo bure kabisa. "Na mama yake," nikasema.

"Innalillahi," Mama Zaina akasema, na akafuta jicho kwa ncha ya kitenge. Kabla hajamaliza kufuta, akatokea mwanamke mtu mzima kutoka upande wa pili, na yule mwenye gauni jeupe akamkimbilia amefungua mikono, akiimba, "Maman! Maman!"

Hilo neno moja, jamani. Hilo kila mtu Bujumbura analijua, hata mbuzi.

Mama Zaina akanigeukia polepole. "Si alikufa?"

"Hakufa, Mama. Alikuwa amepotea. Walidhani amekufa." Nikaongeza, "Ni mambo ya vita."

Mama Zaina akageukia jukwaa. Akawatazama wale wanawake wawili walivyokumbatiana, mmoja akimshika mwenzake mashavu. Nyinyi mnajua ni nyumba ngapi kwetu zina mtu wa namna hiyo, ambaye hawajui wamlilie au wamngojee. "Alhamdulillahi," akasema kwa sauti ndogo, akafungua chupa, akamimina chai, akanipa kikombe cha kwanza mimi.

(Niliinywa. Sikuistahili.)

Akaingia mwanaume mnene mwenye ndevu. Nikaulizwa ni nani. Nikasema baba yake na yule binti, maana mtu mwenye ndevu zile hawezi kuwa kitu kingine. Mwanaume mwenye ndevu akapiga goti mbele ya binti, akamshika mkono, akaubusu mpaka kiwiko.

"Rajabu. Baba yake?"

"Desturi za Ufaransa."

Mwenye ndevu akatoa pete mfukoni, akamvisha.

"Rajabu, babaake anamvisha pete."

"Ni baba wa kambo, Mama."

"Hiyo njo mbaya zaidi!"

Aliisema kwa sauti ya sokoni. Mzee wa piano akatazama huku. Bwana wa suti ya kijivu akatoa mlio wa kutunyamazisha nyuma yetu, "Chut!"

"Na huyo anasema nini?"

"Anakubaliana na wewe. Anasema kweli ni mbaya."

Mama Zaina akageuka, akamkabidhi sambusa mbili kwenye kipande cha gazeti. Bwana akazikataa kwa mkono. Mkewe akazichukua.

Baada ya mapumziko mafupi akaingia kijana mwembamba, amevaa buti ndefu, na sasa mambo yakaeleweka hata bila Kifaransa. Kijana anampenda binti. Binti anampenda kijana. Mwenye ndevu hataki. Wanaume wawili wakawa wanaimbiana usoni, mate yanaruka, tunayaona kwenye taa. Mama Zaina alikuwa amesahau chai. Alisogea ukingoni mwa kiti, anampa kijana ushauri kwa Kiswahili. "Muache aongee. Usimujibu. We chukua binti uende." Nikamtazama kwa pembe ya jicho, nikaona anafurahi kweli. Nikaanza kupanga wajomba zangu waje lini. Nikaanza kupanga hata rangi ya suti.

Ndipo mwenye ndevu akatia mkono ndani ya koti, na ukumbi mzima ukatikisika.

Pa!

Wenzangu, nyinyi mmekulia humu. Mtu wa Bujumbura haulizi risasi imetoka wapi wala inamtafuta nani. Mwili unalala kwanza, akili inakuja baadaye ikiwa imesalimika. Sikuona bastola. Sikuona moshi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ile nzito, inasema, "Laleni chini! Chini wote!" na mikono yangu ikamshika Mama Zaina mabegani, ikamvuta kati ya viti, na mimi nikaenda juu yake.

Juu yake. Mama wa mwanamke ninayemposa. Mkwe hata mkono humpi ovyo, unampa salamu ukiwa umeinama. Mimi nilimpa uzito wangu wote, pamoja na chupa ya chai.

Na sasa sikilizeni jambo ambalo mpaka sasa silielewi. Watu wote wa mule ndani walikuwa wameambiwa kwamba ni mchezo. Wote walielewa Kifaransa. Lakini waliposikia "laleni chini" kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, hakuna aliyekumbuka alichoambiwa. Safu ya mbele ikalala. Safu ya pili ikalala. Ikaenda hivyo mpaka nyuma kama mahindi yaliyopigwa na upepo, watu wa tai, wake zao, viatu vya visigino vinaruka. Mzee wa piano akaingia chini ya piano. Askari wa mlangoni, ambaye ndiye mwenye bunduki ya kweli, alilala kifudifudi karibu na pipa la takataka. Nilimwona kwa chini ya viti. Alinitazama kana kwamba anangoja amri yangu.

Jukwaani kijana mwembamba alikuwa amekwisha kufa, maana ndiye aliyepigwa risasi. Maiti akainua kichwa kuangalia kumetokea nini. Mwenye ndevu alitupa bastola, akapiga magoti na kunyoosha mikono juu. Aliyebaki amesimama ni yule mwanamke wa gauni jeupe peke yake, mgeni wa watu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kumlilia marehemu. Aliendelea na ile sauti moja ndefu, macho yamemtoka, anautazama ukumbi ambao dakika iliyopita ulikuwa na watu. Sauti ikashuka, ikashuka, ikaisha.

Chupa ya chai ikaviringika taratibu, ikashuka ngazi moja, ikashuka nyingine.

Kutoka chini yangu Mama Zaina akasema, bila hasira yoyote, "Rajabu. Ondoka juu yangu."

"Bado, Mama. Wanaweza kurudia."

"Nani?"

Hapo bwana wa suti ya kijivu, ambaye alikuwa amelala nyuma yetu na miwani yake imeninginia sikio moja, akaongea Kiswahili safi cha kwetu. "Kijana, si walitangaza mwanzoni? *Coup de feu*. Mulio wa bunduki. Walisema itapigwa bunduki ya mchezo, watu wasiogope."

"Walisema couvre-feu," nikamwambia.

"Coup de feu."

"Couvre-feu."

"Mi ni mwalimu wa Kifaransa," akasema, amelala vile vile.

Msimamizi alikuwa ameshapanda jukwaani anapunga mikono na kurudia kwenye kipaza sauti, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kirundi, mara kwa Kiswahili, kwamba ni mchezo, ni mchezo tu, watu wainuke. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wanapangusa magoti, hawatazamani. Kisha akauliza swali ambalo sitamsamehe, na redio yake asiilete tena kwangu.

"Nani alipiga kelele?"

Mikono yote ikanielekea. Hata ule wa askari.

Nilikuwa namsaidia Mama Zaina kusimama. Kilemba kilikuwa kimeanguka upande, kitenge kimelowa chai, na kipande cha sambusa kimemganda begani. Mtu mmoja nyuma akacheka. Akafuata mwingine. Halafu ukumbi wote ukacheka, jamani, kicheko ambacho sijakisikia katika mji huu miaka mingi, watu wanashikana mabega, mtu wa tai anamlilia mtu wa tai mwenzake. Kisha wakapiga makofi. Mwanamke wa gauni jeupe, ambaye sasa ameelezwa, akanipigia makofi pia na kuniinamia. Nami nikainama. (Ningefanyaje? Nilikuwa nimesimama.)

Mngedhani imeishia hapo. Haikuishia. Walisema lazima warudie kifo, la sivyo hadithi haitaeleweka. Maiti akasimama, akajipangusa, akarudi mahali pake. Mzee akatoka chini ya piano. Wakaimbiana tena usoni. Mwenye ndevu akatia mkono ndani ya koti, akaitoa bastola, na kabla ya kupiga akasita, akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Walikuwa wanangoja.

Nikamkubalia kwa kichwa.

Akavuta. Bastola ikalia "ti." Akavuta tena. "Ti." Kumbe baruti ya mchezo walileta ya mara moja tu, na hiyo tulishaitumia pamoja. Yule bwana akaitazama bastola, akamtazama kijana, akavuta pumzi, na akaimba kwa ile sauti yake kubwa: "Paaan!"

Kijana akafa. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mara ya kwanza.

"Hii sasa nimeielewa," Mama Zaina akasema. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika kola ya shati langu kwa nyuma, barabara, na haukuiachia mpaka mwisho.

Tulitoka jua bado liko juu. Tukatembea. Nilitafuta maneno, Kiswahili chenyewe kikanikimbia. Tulipokaribia Buyenzi, mahali ambapo lami inaishia, akasimama.

"Kifaransa hujui."

"Sijui, Mama."

"Hata kidogo?"

"Najua cha redio."

"Yule mwenye ndevu alikuwa nani?"

"Sijui."

"Na yule mama mukubwa, alikuwa amepotea kweli?"

Nilitazama viatu vyangu. "Sijui, Mama. Mi nilisema tu."

Akahuzunika, nikamwona. Akarekebisha kilemba. "Ile njo ilinipendeza kuliko yote," akasema. "Basi, hiyo tuiache vile ulivyosema."

Tukaenda hatua chache. Akaongea bila kunitazama.

"Risasi zilipoingia kwetu mara ya kwanza, Zaina alikuwa bado mwanafunzi. Baba Zaina alisikia mulio mmoja tu. Akaruka ukuta. Ukuta mrefu, we unaujua, mpaka leo hatujui aliuruka namna gani. Aliruka na redio yake kwapani. Mi na Zaina tukabaki chini ya kitanda. Asubuhi akarudi, akasema alikuwa amekwenda kutuangalizia njia." Alicheka puani. "Ni mutu muzuri, Baba Zaina. Sijawahi kumukasirikia juu ya ile. Lakini sijasahau."

Safari hii sikumtafsiria mtu. Nilikuwa nimejifunza.

"Yule karani wa benki," akaendelea, "nilimuuliza siku moja: risasi zikilia mchana, uko na mutu kando yako, unafanya nini? Akanijibu kwa Kifaransa. Nikasikia ni maneno mengi sana." Akajishika kiuno, akakunja uso. "We ni mzito, Rajabu. Umenivunja mgongo. Waambie wajomba zako waje Ijumaa baada ya swala."

"Oui, maman," nikasema. Ilinitoka yenyewe.

"Na hiyo nayo uiache."

Nimemsindikiza mpaka mlangoni kwao. Baba Zaina alikuwa amekaa barazani na redio yake, akatutazama tulivyolowa chai, akauliza opera ilikuwaje. Mama Zaina akamjibu, "Tulilala chini," na akapita ndani. Mzee akanitazama. Nikaaga haraka sana.

Nilidhani ningefika hapa siberi kabla ya habari. Nimechelewa. Mke wa yule mwalimu wa Kifaransa ananunua vitenge kwa Mama Zaina, sikulijua hilo, na yeye alirudi kwa taksi. Fundi baiskeli haniiti tena "Monsieur." Ananyanyua mikono juu kila nikimtazama. Watoto wa mtaa wetu wana mchezo mpya: mmoja anasema "pan," wengine wote wanalala, na wa mwisho kulala anaitwa Rajabu, jambo ambalo hata si haki, maana mi nilikuwa wa kwanza.

Zaina amenipigia simu kutoka hospitali. Nilisikia tu mtu anajaribu kupumua kwa kicheko, na nyuma yake manesi wengine. Kisha akasema, "Ijumaa," akakata.

Kwa hiyo posa imejibiwa, ingawa sijui nimekubaliwa kama mkwe au kama gunia la mchanga. Nawaomba msicheke. Na kama haiwezekani, basi chekeni sasa, huko huko mliko, mpaka kicheko kiishe chote, ili mkija harusini muweze kumsalimia mama mkwe wangu nyuso zikiwa kavu.